Programu imefunguka lakini haionekani: matatizo ya madirisha na nafasi ya skrini, dalili kwa dalili

Julai iliyopita, msimu wa watalii ukiwa umepamba moto na baridi ya Arusha inauma mpaka mifupa, mama mmoja mwenye ofisi ndogo ya safari kule Sakina alinipigia simu saa mbili asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo haraka, kompyuta imemeza Excel."

Kila akibofya alama ya Excel pale chini, alama inawaka, mstari mdogo unatokea chini yake, lakini faili la bei halionekani. Alishamwita kijana mmoja kabla yangu, akaambiwa dawa ni kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka mpya. Nilimuuliza swali moja tu: ile TV ya ukutani mliyokuwa mnaonyeshea wageni ratiba, bado iko palepale? Kumbe waliishusha jana yake, ikahamia mapokezi. Faili halikuwa limemezwa. Lilikuwa limefunguka kwenye TV ambayo haipo tena.

Mwongozo huu umetokana na simu za namna hiyo: maofisi ya utalii, steshenari, na maabara za shule za hapa Arusha na Moshi. Nimeupanga kwa dalili, jinsi watu wanavyozisema wenyewe, na kwenye kila dalili naanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi zaidi. Kompyuta nyingi za huku zimewekwa kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya menyu nayaacha kama utakavyoyaona kwenye skrini yako. Maelezo ni ya Windows 10 na Windows 11.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kama kuna programu yoyote unayoiona bado inapokea maandishi, bonyeza Ctrl na S uhifadhi kazi. Na usizime kompyuta kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Madirisha mengi "yaliyopotea" yana kazi ndani yake ambayo haijahifadhiwa, na ukizima kwa nguvu ndipo yanapopotea kweli.

"Programu inafunguka, inaonekana chini, lakini dirisha silioni"

Hii ndiyo dalili inayoongoza, na ndiyo inayosababisha watu wengi kupigiwa Windows bila sababu.

Sababu ya kwanza ni ile ya mama wa Sakina. Programu nyingi hukumbuka zilikaa wapi mara ya mwisho. Ukichomoa skrini ya pili, Windows kwa kawaida huyarudisha madirisha kwenye skrini iliyobaki, lakini programu inayojiwekea kumbukumbu zake yenyewe hufungukia palepale pa zamani, nje ya eneo unaloliona. Hali pacha yake ni hii: waya wa HDMI bado umechomekwa kwenye TV iliyozimwa, kwa hiyo kompyuta inaendelea kuamini kwamba skrini ya pili ipo.

Chomoa kwanza waya wowote wa TV au projekta. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, kile chenye alama ya vioo vinne, pamoja na P. Menyu itatokea, chagua "PC screen only". Mara nyingi dirisha linarudi hapohapo na kazi imekwisha.

Kama halijarudi, bofya alama ya programu kwenye upau wa chini ili iwe ndiyo iliyo hai, halafu bonyeza Windows pamoja na mshale wa kushoto. Amri hiyo hulivuta dirisha na kulibandika nusu ya kushoto ya skrini. Rudia mara mbili tatu. Kama skrini mbili bado zimeunganishwa na unataka tu kulihamisha kutoka moja kwenda nyingine, tumia Windows, Shift na mshale kwa pamoja.

Likigoma hata hapo, kuna njia ya zamani ambayo haijawahi kuniangusha kwenye programu za uhasibu za kizamani. Programu ikiwa hai, bonyeza Alt pamoja na kitufe kirefu cha nafasi. Bonyeza herufi M. Bonyeza mshale wowote mara moja. Sasa sogeza mausi bila kubonyeza chochote: dirisha litakuwa limeng'ang'ania mshale wa mausi na litaingia nalo kwenye skrini. Likifika, bofya mara moja kuliachia. Ukiona neno "Move" limefifia kwenye ile menyu, chagua "Restore" kwanza, kisha uanze upya. Baadhi ya programu mpya hazitoi menyu hiyo kwa Alt. Kwa hizo, shikilia Shift ubofye alama yake kwenye upau wa chini kwa kitufe cha kulia cha mausi.

Wenye Windows 10 wana njia ya mkato ambayo Windows 11 iliiondoa: bofya kulia mahali patupu kwenye upau wa chini, chagua "Cascade windows". Madirisha yote yatajipanga kama karata mkononi, na lile lililojificha litakuwemo. Kwa wanaotumia Ubuntu, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, shikilia kitufe cha Windows, kisha buruta sehemu yoyote ya dirisha inayoonekana, hata ikiwa kona tu.

Sababu ya pili ni meza ya pili. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, kompyuta moja inaweza kuwa na meza kadhaa za kazi, kila moja na madirisha yake, na watu hujikuta wamefungua mpya bila kujua. Kwenye laptopu inatosha vidole vinne kuteleza kwenye padi ya mausi, na ukajikuta umehamia meza nyingine. Dalili yake: kila kitu kimetoweka kwa mkupuo, skrini ni safi kana kwamba kompyuta imewashwa sasa hivi. Bonyeza Windows pamoja na Tab, utaona meza zote zimepangwa. Bofya ile yenye kazi zako. Kuifunga ile ya ziada, ingia humo ubonyeze Windows, Ctrl na F4, na madirisha yaliyokuwamo yatahamia meza ya jirani, hayatafungwa.

Ya tatu ni programu iliyojificha karibu na saa. Programu za ujumbe na za kunakili mafaili hupenda tabia hii: ukifunga dirisha kwa alama ya X, zenyewe zinabaki zinaendelea nyuma ya kishale kidogo cha juu. Bofya kishale, bofya alama yake mara mbili.

Ya mwisho, na kwa kweli ni nadra kuliko watu wanavyodhani, ni programu iliyoganda. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, itafute kwenye orodha, uone kama imeandikwa "Not responding". Ipe dakika tano, hasa kama ni faili kubwa na kompyuta ina RAM ya GB 4. Ukichagua "End task", chochote ambacho hakijahifadhiwa kimekwenda. Kama ni hesabu za mwezi mzima, hapo simama, mwite mtu anayejua programu hiyo kabla hujagusa.

"Dirisha ni refu kuliko skrini, kitufe cha Save kiko chini sioni"

Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa mjini zina skrini ya pikseli, yaani nukta zinazochora picha, 1366 kwa 768. Upana unaridhisha, lakini urefu wa 768 ni mdogo. Ukiongeza na ukuzaji wa maandishi wa asilimia 125 au 150, fomu ya programu iliyobuniwa kwa skrini kubwa inazidi chini, na vitufe vya mwisho vinazama.

Kama fomu iko ndani ya brauza, hesabu umepona: bonyeza Ctrl na alama ya kutoa mpaka vitufe vionekane, ukimaliza rudisha kwa Ctrl na sifuri. Kama ni programu ya kawaida, jaribu kwanza Enter. Mara nyingi kitufe kikuu cha fomu ndicho kinachoitikia Enter, ila angalia isiwe fomu ya malipo, maana utakuwa umekubali bila kukiona unachokikubali. Njia salama zaidi ni kupunguza ukuzaji: bofya kulia kwenye eneo tupu la skrini, chagua "Display settings", tafuta "Scale", shusha hadi asilimia 100. Maandishi yatakuwa madogo kama ya Biblia ya mfukoni, lakini ni kwa dakika chache. Programu nyingine hazielewi badiliko hilo mpaka uzifunge na kuzifungua, au utoke kwenye akaunti na kuingia tena.

Kuna ujanja mmoja nilioutumia Moshi, kwenye ofisi ya shule ambako fomu ya usajili wa wanafunzi ilikuwa inazidi hata kwa asilimia 100. Kwenye "Display orientation" nilichagua "Portrait". Skrini ikalala ubavu, urefu ukawa 1366, na kitufe kikaonekana. Mwalimu aliyekuwa anajaza aliinamisha kichwa, akabofya, tukairudisha. Walimu wenzake walicheka, lakini wanafunzi walisajiliwa siku ileile.

"Kila kitu kimekuwa kikubwa ghafla"

Uliza kwanza kama ni kila kitu au ni ukurasa mmoja. Kama ni ukurasa au faili moja tu, kuna mtu alishikilia Ctrl huku akizungusha gurudumu la mausi. Zungusha kinyume. Kama hali hii inajirudia yenyewe, geuza kibodi uipige kidogo mgongoni: Ctrl iliyonasa kwa vumbi au chai iliyomwagika hufanya hivi kila siku.

Kama skrini yote imekuwa kubwa na inasogea unaposogeza mausi, kikuzaji kimewashwa. Windows na Esc hukizima.

Kama kila kitu ni kikubwa, kimetulia, na maandishi yana ukungu, tazama "Display resolution" kwenye Display settings. Chagua ile yenye neno "Recommended". Ukichagua kipimo ambacho monita haikiwezi, skrini itakuwa nyeusi au itaandika kwamba haikubali. Usiguse kitu, subiri sekunde 15, Windows inarudisha yenyewe kile cha awali.

Sasa tuseme kipimo sahihi hakimo kabisa kwenye orodha, au orodha yenyewe haibofyeki. Hapo karibu kila mara kompyuta imetoka kwa fundi. Amepiga Windows, akasahau draiva ya michoro, ile programu inayoiwezesha Windows kuendesha skrini. Bofya kulia kwenye kitufe cha Start, fungua "Device Manager", fungua "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", ndiyo hiyo: Windows inatumia draiva ya dharura. Unganisha intaneti, fungua Windows Update, iache itafute. Isipopata, ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, utafute kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini ya laptopu. Usipakue zile programu zinazojitangaza kwamba zinatafuta draiva zote bure. Nimeshasafisha kompyuta za kutosha zilizoletewa matangazo na uchafu na programu hizo.

"Nimeunganisha TV au projekta, mambo yameharibika"

Hapa pana dalili tatu ndani ya moja, na watu huzichanganya.

Kingo zimekatwa. Upau wa chini hauonekani wote, alama ya X ya kufungia dirisha imetoka nje ya TV. Kosa si la kompyuta. TV hurithi tabia ya zamani ya kukuza picha kidogo ili kuficha kingo za matangazo, na inaifanyia kompyuta hivyohivyo. Chukua rimoti, ingia kwenye menyu ya picha, tafuta ukubwa wa picha. Kwenye baadhi ya TV limeandikwa "Just Scan", nyingine "Screen Fit". Nyingine hubadilika zenyewe ukiipa ile tundu ya HDMI jina la "PC". Ukiwa humo, shusha na "Sharpness", maana ikiwa juu sana inachora kivuli cheupe pembeni mwa kila herufi. Ukiwa umejaribu rimoti yote na kingo bado zinakatwa, ndipo uingie kwenye programu ya kadi ya michoro upunguze ukubwa wa picha. Usianzie huko, kwa sababu utaifanya picha iwe na ukungu bila haja.

Projekta inaonyesha ukuta wa bluu au picha tupu ya eneokazi, ile skrini ya mwanzo yenye alama za programu, wakati wewe unaona kazi yako. Windows na P. Ikiwa imechaguliwa "Extend", projekta ni skrini ya pili, na dirisha lako limebaki kwenye ya kwanza. Chagua "Duplicate" ili hadhira ione unachokiona. Kwa mkutano wa kawaida ndiyo ninayopendekeza. "Extend" ina faida yake pale mzungumzaji anapotaka kuona maelezo yake pembeni, lakini kwenye ukumbi wenye watu wanaosubiri si mahali pa kujifunzia.

Ukishaunganisha, alama za eneokazi zimevurugika na madirisha yamekuwa manene. Projekta nyingi za zamani zina pikseli 1024 kwa 768 tu. Kwenye "Duplicate" laptopu inashuka kuifuata. Hakuna kilichoharibika. Chomoa, kipimo kitarudi, ingawa alama za eneokazi huenda ukazipanga upya kwa mkono.

Picha ikiwa ya njano, ya waridi au inatetemeka na unatumia waya wa VGA, ule wa skrubu mbili, uchomoe utazame pini zake. Pini iliyopinda hunyookeshwa taratibu kwa kibano, kompyuta ikiwa imezimwa. Iliyokatika haina dawa, nunua waya mwingine. Picha ikiwa imesogea upande mmoja tu kwenye monita ya VGA, bonyeza kitufe cha "Auto" kwenye monita yenyewe, itajipanga.

Tahadhari: projekta ya taa ikitoka kufanya kazi usiing'oe kwenye umeme papo hapo. Izime kwa kitufe, acha feni izunguke mpaka isimame. Umeme ukikatika katikati ya somo, iache ipoe kabla ya kuiwasha tena. Taa ikipasuka au ukisikia harufu ya kuungua, usiifungue. Taa hizo hufika joto la kuunguza na vioo vyake hukata.

"Mausi haivuki kwenda skrini ya pili, au inavukia upande usio wake"

Kompyuta haijui monita umeiweka upande gani wa meza. Fungua Display settings, bofya "Identify" ili kila skrini ionyeshe namba yake, kisha buruta vile visanduku vikae kama skrini zilivyo mezani. Ukiona mausi inavuka sehemu ya chini lakini inagonga ukuta juu, visanduku havijalingana, visogeze. Ukitaka programu zifungukie kwenye skrini fulani, ichague na uweke alama kwenye "Make this my main display".

Kama kompyuta ya mezani ina kadi ya michoro ya ziada na monita ya pili haionekani kabisa, geuza boksi utazame nyuma. Huenda waya mmoja umechomekwa kwenye kadi na mwingine kwenye bodi kuu, karibu na matundu ya USB. Hamishia yote kwenye kadi.

"Upau wa chini wenye saa umepotea"

Bonyeza F11. Kama haikuwa hiyo, peleka mausi chini kabisa, usubiri: ukijitokeza, umewekwa ujifiche wenyewe, na unazimwa kwenye mipangilio ya Taskbar. Kama haujitokezi hata kwa kitufe cha Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tafuta "Windows Explorer", bofya kulia, chagua "Restart". Skrini itameta na upau utarudi. Kwenye Windows 10 unaweza pia kuwa umeburutwa hadi pembeni au juu. Uburute urudi, kisha uufunge kwa "Lock the taskbar".

"Skrini imepinduka, miguu juu"

Jaribu Ctrl, Alt na mshale wa juu. Kwenye draiva za zamani za Intel, Ctrl na Alt pamoja na mshale mwingine ndiyo iliyopindua, na mshale wa juu ndio utakaorudisha. Isipokubali, Windows 11 na 10 zote zina "Display orientation", chagua "Landscape". Shida hapo ni kuendesha mausi iliyo kinyume, na kwa hilo pindua monita kama ni nyepesi.

"Ukurasa umejaa skrini nzima, unasema nina virusi, haufungiki"

Sauti inalia, maandishi mekundu, namba ya simu ya kupiga. Mhasibu mmoja wa steshenari pale Kaloleni alikuwa ameshaanza kuipiga nilipoingia. Ule ni ukurasa wa tovuti tu uliojitanua, hauna uwezo wa kuona kompyuta yako. Shikilia Esc sekunde kadhaa, au bonyeza F11. Ukigoma, Alt na F4. Ukigoma tena, Ctrl, Shift na Esc, ifunge brauza kwa "End task". Ukiifungua tena ikakuuliza kurudisha kurasa za zamani, kataa.

Usipige ile namba. Usiweke programu yoyote wanayokuambia uweke. Kama umeshaiweka na umempa mtu nafasi ya kuingia, chomoa intaneti mara moja, tumia simu au kompyuta nyingine kubadilisha nywila za barua pepe, na uifahamishe benki na mtandao wako wa simu kama uliingia huko kwa kompyuta hiyo. Hapo kweli unahitaji fundi.

"Kompyuta ni nzima, ila nafasi haitoshi"

Hili si hitilafu, lakini ndilo ninaloulizwa na vijana wa ofisi za safari kuliko mengine yote. Mtu anaandaa ratiba ya siku 7 ya njia ya Machame: barua pepe ya mteja huku, bei kwenye Excel huku, WhatsApp ya mpokea wageni inalia, na tovuti ya ndege imefunguka nyuma. Anabadilisha dirisha kwa mausi siku nzima mpaka anakosea tarehe.

Anza na kilichopo. Dirisha la kwanza, Windows na mshale wa kushoto. La pili, Windows na mshale wa kulia. Uwezo huu upo tangu Windows 7, ya mwaka 2009, na bado nakutana na watu waliofanya kazi miaka kumi bila kuujua. Kwenye Windows 11, Windows na Z hukupa mipangilio ya madirisha matatu au manne. Kwa yanayobaki, fungua meza ya pili kwa Windows, Ctrl na D, uyafungulie huko, na uhame kati ya meza kwa Windows, Ctrl na mishale. Mimi huweka WhatsApp kwenye meza yake peke yake.

Ukigawa skrini ya 1366 katikati, kila upande unabaki na pikseli 683. Tovuti nyingi zikiona upana huo hudhani uko kwenye simu na hubadilisha sura, menyu zinakunjwa. Bonyeza Ctrl na alama ya kutoa mara mbili tatu upande wa brauza, sura ya kompyuta inarudi. Kwenye Excel, Ctrl na F1 hukunja ule utepe mnene wa vitufe ukapata mistari kadhaa zaidi. Na kama Excel yako ni ya 2010 kurudi nyuma, mafaili yote yanafungukia ndani ya dirisha moja, kwa hiyo hutaweza kuyaweka mawili ubavu kwa ubavu kwa mishale. Kuanzia toleo la 2013 kila faili lina dirisha lake.

Ukiamua kununua skrini, tazama pikseli kabla ya inchi. Watu hununua TV ya inchi 32 wakiwaza watapata nafasi. TV nyingi za ukubwa huo zina pikseli 1366 kwa 768, sawasawa na laptopu waliyonayo. Wanapata maandishi makubwa zaidi, lakini hawapati hata mstari mmoja wa ziada wa Excel. Monita iliyotumika ya inchi 22 yenye 1920 kwa 1080 ina pikseli karibu mara mbili, na kila nusu yake ina upana wa 960. Muuzaji akikuambia "full HD" kwa mdomo, mwombe aiunganishe na kompyuta, ufungue Display settings, usome namba kwenye "Recommended". Muuzaji wa TV anaweza kukuonyesha 1920 hata hapo, kwa sababu TV inaipokea kisha inaishusha ndani yake. Kwa TV, soma kipimo cha paneli kwenye karatasi ya nyuma au kitabu chake.

Pale pa kuacha na kumwita fundi

Skrini ikimetameta au ikiganda ghafla, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B. Inawasha upya draiva ya michoro bila kufunga programu. Ikisaidia mara moja, sawa. Ikibidi uibonyeze kila siku, draiva au kadi yenyewe ina tatizo.

Kuna mambo ambayo hakuna mchanganyiko wa vitufe utakaoyatibu: mistari iliyosimama ambayo inaonekana hata kompyuta inapowaka kabla ya Windows, doa jeusi linaloongezeka baada ya laptopu kuanguka, au picha inayotoweka ukifungua kioo kwa pembe fulani. Hiyo ni paneli au kebo yake. Padi ya mausi ikiwa imevimba kuja juu, au laptopu haitulii tena mezani, betri ndiyo iliyovimba. Izime, usiichaji, usiibonyeze irudi, ipeleke hivyohivyo. Na usifungue monita kwa bisibisi hata kama imechomolewa kwenye umeme. Kapasita za ndani huhifadhi chaji, na kwa zile monita za mgongo mkubwa chaji hiyo inaweza kuua.

Ukimwita fundi, piga picha ya tatizo kwa simu kabla hajafika, na mweleze ni nini kilibadilika siku ile: waya uliochomolewa, skrini iliyohamishwa, Windows iliyojisasisha usiku. Akisema lazima apige Windows, mwambie anakili kwanza mafaili ya eneokazi na ya Documents kwenye diski ya nje, na uyafungue mawili matatu wewe mwenyewe uone kama yamekuja. Kuna ofisi moja ya mjini hapa ilipigiwa Windows kwa sababu ya dirisha lililopotea. Dirisha lilirudi. Picha za wageni za miaka minne, zilizokuwa kwenye eneokazi, hazikurudi.